Mwendo wa Kupita Samuye

Geita, 9 Juni 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua barua hii anakusomea dada Mbuke, na najua pia kwamba wewe husomewi barua peke yako. Lazima uani pajae watu kwanza. Basi na wao nawasalimu wote, mwangaluka, na waniwie radhi kama mwandiko unayumba. Mikono yangu ina grisi tangu asubuhi.

Simu ninayo, ila wewe ulishakataa habari za simu. Unasema zikishasemwa zimekwisha, huwezi kuzirudia. Haya, hii hapa ya kurudiwa hata mara kumi.

Unakumbuka niliwahi kukueleza kuhusu gari la Mama Tanvir, huyu mama mwenye duka la spea ninakofanyia kazi? Ile Peugeot 504 ya rangi ya maziwa, iliyokaa nyuma ya duka miaka kumi na moja, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Leo inatembea. Injini nimeishusha mara tatu na kuirudisha mara tatu. Kabureta nimeitafuta mpaka Mwadui, nikaipata kwa fundi mstaafu aliyekuwa ameitundika ukutani kama picha.

Sasa habari yenyewe. Jumamosi ya tarehe 12 Julai kuna rali ya magari kwenye barabara ya lami, kuanzia Shinyanga mjini, kupitia hapo kwetu Samuye, Tinde, Kahama, Ushirombo, mpaka huku Geita. Gari letu limeandikishwa. Namba yetu ni 57 na dereva ni mimi. Mama Tanvir atakaa kando yangu asome karatasi ya njia.

Nimeona nikuambie mapema ili siku hiyo usiende mnadani. Kaa karibu na barabara, Baba. Nataka unione.

Mwanao,
Wiliam


Samuye, 15 Juni 2025

Wiliam, ng'wana wane,

Marahaba. Maneno ni yangu, mkono ni wa Mbuke.

Barua yako imesomwa mara nne. Ya kwanza kwangu na wa nyumbani, ya pili kwa waliochelewa, ya tatu kwa waliokuja kesho yake kuuliza kama ni kweli, na ya nne kwa Onesmo, ambaye hakuja kuuliza, alikuja kupima. Unamjua Onesmo. Miaka thelathini yeye anaongoza ngoma ya Bagalu na mimi ya Bagika, na miaka yote hiyo tunapangiwa uwanja mmoja, saa moja, kila mtu na upande wake, na watu wanahamia kule wanakovutwa. Jioni mwenye watu wengi ndiye mshindi. Alipomaliza kusikiliza barua yako akasema, vizuri, Bagika wana gari, basi na Bagalu watakuwa na gari. Asubuhi akaenda Tinde kwenye tangazo, akachagua gari jekundu la Mwanza, namba 4. Dereva wa gari hilo hamjui Onesmo na Onesmo hamjui yeye, lakini sasa ni la kwao.

Nikasimama mnadani nikasema kwa sauti kwamba namba 57 itapita Samuye mbele ya namba 4. Nimeshasema.

Nikuambie jambo. Tangu uache ngoma yangu ukiwa na miaka kumi na saba sijakuona ukishindana na mtu, hata kwa bao. Nilidhani nimekuharibu siku ile. Barua hii imenipa usingizi mzuri.

Mguu ni ule ule, natembea na fimbo. Ng'ombe wazima. Mpunga tumeshauvuna.

Baba yako,
Bujiku Lugwisha

Hapa chini ni mimi, Mbuke. Baba ametoka. Tangazo la rali limebandikwa pia shuleni kwetu, kwenye mlango wa ofisi ya walimu, na mimi husoma tangazo mpaka mwisho, hata yale maandishi madogo. Yanasema magari namba 1 hadi 40 ni ya mashindano, na kuanzia 50 ni ya ziara, hayashindani. Wewe ni 57. Unasemaje, mdogo wangu?


Geita, 19 Juni 2025

Dada Mbuke,

Shikamoo. Karatasi hii ni yako peke yako, ndiyo maana nimeikunja ndani ya bahasha nyingine. Tafadhali usiisome uani.

Ni kweli. Sishindani. Gari la mashindano linatakiwa liwe na vyuma vya kinga ndani, dereva awe na helmeti na leseni ya mashindano, na mimi nina leseni ya kawaida na Peugeot iliyokuwa banda la kuku. Kwa hiyo tumeandikishwa kwenye ziara. Ziara ni hivi: magari ya mashindano yanatangulia, na saa nzima baadaye tunapita sisi, magari ishirini na mawili, kwenye barabara ile ile iliyofungwa, tukifuata gari la kuongoza. Kulipita gari la kuongoza ni marufuku. Kumpita mwenzako ni marufuku. Nje ya vijiji mwisho kilomita themanini kwa saa, vijijini mwisho hamsini. Ni marufuku mtu yeyote ndani ya gari kupima muda wake, hata kwa saa ya mkononi. Hatupewi nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole, taa zimewashwa. Na kila gari linafungwa kidude kwenye dashibodi kinachoandika mwendo wako njia nzima; ukizidisha, wanakubandua stika mlangoni kwenye kituo kinachofuata na unarudi nyumbani kama msafiri mwingine.

Tutakwenda kama msafara wa harusi, dada. Na hata kwenye harusi watu hupitana.

Nilipoandika ile barua sikudanganya. Kila neno lilikuwa kweli. Ila kuna neno moja sikuliandika, na sikuliandika kwa sababu nilitaka Baba alisikie jina langu mbele ya watu na lisiambatane na kitu kidogo. Unaikumbuka siku ile uwanjani. Mimi siisahau. Nilikuwa mtu wa tano kwenye mstari, jembe la kuchezea mkononi, na nilipoona wasichana wa Bagalu wanatazama kwetu nikaruka mbele ya mstari nikaanza kurusha jembe peke yangu. Watu wakashangilia. Baba akasimamisha ngoma nzima, akanishika mkono, akanitoa nje ya uwanja kama mtoto aliyeingia na matope kanisani. Sikurudi tena, na yeye hakuniita tena. Miaka kumi na minne sasa.

Mwambie wewe, dada. Polepole, akiwa ameshakula. Wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Wiliam


Samuye, 24 Juni 2025

Wiliam,

Marahaba. Sitamwambia.

Mimi kwa Baba ni macho ya kusoma na mkono wa kuandika, basi. Nikianza kuongeza yangu au kupunguza ya watu, siku nyingine hataniamini hata nikimsomea dawa zake. Hilo neno moja ulilibakiza wewe, lilete wewe.

Na ulilete haraka, maana huku mambo yamekua. Wachezaji wa Baba wameshaanza mazoezi jioni. Bagalu wamefunga kitambaa chekundu kwenye mashine ya kusaga, Bagika wamepaka chokaa jiwe la njia panda na kuandika 57 kwa mwandiko wa wanangu wa darasa la tatu, saba ikiwa imegeuka. Juzi mzee Onesmo amemuuliza Baba kwa heshima zote kama gari lako lina breki nzuri, maana lisije likaenda kasi likampita hata mkuu wa rali. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Baba naye alicheka, na hapo ndipo mimi nilipopata homa.

Andika. Nitasoma kila neno kama lilivyo.

Dada yako,
Mbuke


Geita, 28 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Usinikasirikie. Nimekaa na kalamu mara mbili na imenishinda. Lakini nimepata njia nyingine, isiyohitaji barua.

Kutoka lile daraja dogo mpaka mashine ya kusaga ni kama mita mia tatu, si ndiyo? Ndipo watu watakaposimama. Kabla ya daraja napunguza mwendo, naliacha gari la mbele liende, nabaki nyuma hata nusu kilomita. Halafu nakanyaga. Nikifika kwenye mashine nitakuwa mia na kumi, labda na ishirini. Baba ataona gari moja tu, jeupe, namba 57, linapita kama risasi. Kabla ya Tinde nitakuwa nimerudi kwenye foleni. Kidude kitaandika, najua, na Tinde watanibandua stika. Lakini Samuye hawataiona Tinde. Watakuwa wameniona mimi.

Nadhani nitafanya hivyo.

Wiliam


Geita, 1 Julai 2025

Wiliam,

Nakuandikia ingawa uko hatua ishirini kutoka hapa kaunta. Kanuni ya tatu inasema mwenye gari ampe dereva maelekezo kwa maandishi. Tena nikikuambia kwa mdomo utanijibu, na leo sitaki kujibiwa. Karatasi nimeiweka kwenye usukani.

Jana tulipokwenda mazoezi barabara ya Katoro ulibaki nyuma ya pikapu ya Jinal wa duka la jirani mara tatu, halafu ukakanyaga. Ulidhani nasoma karatasi ya njia. Nilikuwa nasoma mshale wa spidi. Mara ya tatu ulifika mia na kumi na nne na chai ya chupa yangu yote ilikuwa kwenye gauni.

Soma kanuni ya tisa: ni marufuku gari la ziara kubaki nyuma kwa makusudi ili kupata nafasi ya kukimbia. Sisi si wa kwanza kufikiria ujanja huo. Wangekuwa hawajaufikiria wasingeuandika. Adhabu ni kwa dereva na kwa mwenye gari. Mwenye gari ni mimi.

Sasa nikuambie kitu ambacho hukuniuliza. Nimekaa nyuma ya kaunta hii miaka thelathini na nane. Barabara ya kwenda Shinyanga naijua kwa basi tu, nikiwa nimeshika mzigo magotini na pazia limefungwa kwa ajili ya jua. Marehemu mume wangu alinunua lile gari ili tuende nalo taratibu, tusimame Ushirombo tule embe, akaumwa. Nilipojaza fomu kulikuwa na visanduku viwili, mashindano na ziara, na hakuna aliyenishika mkono. Mwendo huu nimeuomba mwenyewe. Ningetaka kukimbizwa ningepanda basi.

Dereva wangu ni wewe, na sitafuti mwingine. Lakini Samuye utapita hamsini, na mimi nitakuwa namimina chai. Ikimwagika hata tone, gauni utafua wewe.

Halafu mwandikie mzee wako. Jinal ameniambia yote. Wewe humwambia Jinal mambo kana kwamba Jinal ana kufuli mdomoni.

Mama Tanvir
(Anar Rajabali)


Geita, 2 Julai 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua hii ni fupi. Dada Mbuke, soma yote.

Baba, kwenye rali mimi sishindani na mtu. Gari langu liko kwenye ziara. Tunapita nyuma ya washindani, saa nzima baadaye, tumepanga foleni, na tunafuata gari la kuongoza bila kulipita. Samuye nitapita kwa mwendo wa kilomita hamsini, ambao hata bodaboda wa Tinde anao. Namba 4 ya mzee Onesmo itakuwa imeshafika mbali. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza nikanyamaza, na wewe umesimama mnadani kwa ajili ya kunyamaza kwangu. Naona aibu, na naomba unisamehe.

Nilikuwa nimepanga kuvunja kanuni hapo kijijini ili nikuonyeshe kasi. Nimeacha. Mama Tanvir ameniamini na gari lake, na nimewahi kutoka kwenye mstari mara moja maishani, matokeo yake nayajua.

Kama hutaki kuja barabarani siku hiyo, nitaelewa.

Mwanao,
Wiliam


Samuye, 7 Julai 2025

Wiliam,

Barua imefika Ijumaa, kondakta wa basi aliileta mwenyewe mpaka shuleni. Ahsante kwa sabuni na sukari.

Siku hiyo vaa lile shati la njano la mikono mirefu. Hapa wote wazima.

Endesha salama.

Mbuke


Geita, 14 Julai 2025

Dada Mbuke,

Shikamoo. Tulifika Geita Jumamosi saa kumi na moja jioni, magari yote ishirini na mawili, na stika yangu iko mlangoni mpaka sasa. Kidude kilipotolewa mwendo wa juu kabisa ulikuwa sabini na nane, na Samuye arobaini na tisa. Afisa wa rali alinipa mkono. Mama Tanvir alikula embe Ushirombo ingawa msimu wake umepita na lilikuwa kavu kama kamba, akasema hajawahi kula embe tamu kama hilo. Amejawa na furaha mpaka leo duka amefungua saa tatu.

Mimi furaha yangu ni nusu, na nakuandikia ili nikuulize, ingawa jibu nalijua. Hukumsomea, sivyo?

Barua yako ilikuwa na mistari mitano na haikusema kitu. Nikajipa moyo kwamba umesoma. Lakini tulipokaribia daraja nikasikia ngoma. Si ngoma moja, dada. Nilisikia za Bagika na za Bagalu pamoja, vigelegele, filimbi, na watu wakiita hamsini na saba, hamsini na saba, wakubwa kwa watoto. Nikajua hapo hapo kwamba wanamshangilia mshindi. Watu hawapigi kelele ile kwa gari la thelathini na kitu linalopita na taa zimewashwa mchana. Sikuweza kugeuza shingo. Niliangalia taa za nyuma za gari lililonitangulia kutoka daraja mpaka mashine ya kusaga, mikono yote miwili kwenye usukani, na machozi yakanijia kwa aibu.

Mama Tanvir alikuwa anatazama nje. Chai ilikuwa kwenye kikombe na haikumwagika. Tulipokaribia Tinde akaweka kikombe chini. Ndipo akaniuliza: yule mzee mwenye fimbo aliyesimama mbele ya wengine ni nani? Nikasema, mrefu, kofia ya majani? Akasema ndiyo. Akasema mzee huyo, tulipotokea, alimpa mtu fimbo yake, akapewa jembe, akalirusha juu, likageuka mara mbili hewani, akalidaka. Akalirusha tena. Kijana mwenye kizibao cha kulinda barabara alikuwa anampulizia kipenga arudi nyuma ya kamba, na mzee anacheza tu, mguu mmoja unaburuta.

Dada, Baba hajacheza tangu aumie mguu. Miaka tisa. Amecheza kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, mshindi ambaye si mimi, na mimi sikumtazama hata hivyo. Mwambie ukweli sasa. Au njoo unichukue nimwambie mwenyewe.

Wiliam


Samuye, 18 Julai 2025

Wiliam, ng'wana wane,

Maneno ni yangu, mkono ni wa Mbuke, na Mbuke anacheka anapoandika, kwa hiyo usishangae mstari ukipinda.

Barua yako ya tarehe mbili nilisomewa Ijumaa ile ile ilipofika, nikiwa nimeketi uani, watu wamejaa kama kawaida. Mbuke aliuliza kama watoke kwanza. Nikasema wasitoke, ya kwanza waliisikia, na hii waisikie. Akasoma kila neno. Onesmo ndiye aliyesema kwanza. Akasema, Bujiku, huyu kijana amesema mwenyewe kwamba atapita nyuma ya washindani wote. Mimi gari langu halijaniandikia hata salamu.

Tukacheka mpaka nikashika mbavu.

Lakini watu walipoondoka nilimwita Mbuke nikamwambia, usimjibu kwamba najua. Nilitaka nione. Mtu anayejua kwamba watu wake wamesimama barabarani, wanamngoja apae, na mguu wake uko kwenye mafuta, atafanya nini? Hilo haliulizwi kwa barua. Mbuke hakupenda. Alisema nakutesa. Labda nilikutesa kidogo, nisamehe. Ndiye aliyekuambia uvae shati la njano ili macho yangu yasikukose.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa. Saa tatu wakaja washindani. Tumefungwa nyuma ya kamba, hatua thelathini kutoka barabarani, na vizibao vinatupigia kelele tusisogee. Tukasikia mngurumo, vumbi la pembeni likainuka, likapita. Hivyo tu. Mara kumi na nane tukaona vumbi. Bagalu wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, huyu anasema namba 4 ndiyo ile ya pili, yule anasema ya tano, na mwingine akaapa kwamba lilikuwa la bluu. Onesmo alisimama na kitambaa chake chekundu hajui ampungie nani. Watoto wakachoka, akina mama wakaanza kurudi kwenye mikeka ya mpunga.

Saa nne mkaja ninyi. Polepole, mmoja nyuma ya mwenzake, nafasi sawa sawa, taa zinawaka. Mtu wa kwanza kuona akaita. Wakarudi wote waliokuwa wameondoka, Bagika na Bagalu, wenye mpunga na wenye ng'ombe, wakajipanga kamba nzima, kwa sababu hiki ni kitu kinachotazamika. Tuliona nyuso. Tuliona mama wa Kihindi anakunywa chai. Halafu tukaona shati la njano, na huyo ni mwanangu, na mbele yake kuna nafasi tupu ya kumtosha mtu kuruka, na hakuruka.

Wewe unajua ushindi wa kwetu unapimwa kwa nini. Unapimwa kwa watu walikokwenda. Onesmo mwenyewe alivua kofia akakupungia, nikamwona, na jioni alikuja kukiri mbele ya uani kwamba siku ile uwanja ulikuwa wenu, ninyi wa foleni. Mnadani sikuaibika.

Siku ile ulipokuwa na miaka kumi na saba nilikutoa kwenye ngoma kwa sababu uliuvunja mstari. Ilikuwa haki. Lakini sikukuita urudi, na hiyo haikuwa haki. Nilingoja uombe, nawe ukangoja niite, na sisi wawili tumefanana vichwa. Jumamosi nilikuwa sichezi kwa ajili ya mshindi. Nilikuwa nakuita.

Mguu umevimba. Dawa nameza.

Njoo nyumbani. Njoo na gari hilo na mama huyo, tutachinja mbuzi. Wabeja kwa sabuni.

Baba yako,
Bujiku Lugwisha

Nyongeza ya Mbuke: Barua ya pili iliyomo ndani ya bahasha hii ipeleke ofisi ya rali hapo Geita. Nilijaribu kumshawishi aiache. Ameniambia niandike au atatafuta mwalimu mwingine.


Samuye, 18 Julai 2025

Kwa Kamati ya Rali,
Sehemu ya Magari ya Ziara,
Geita.

Yah: OMBI LA KUPUNGUZA MWENDO SAMUYE

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Samuye, mkulima na mfugaji, na kiongozi wa ngoma. Binti yangu amenisomea kanuni zenu zote, na nimeziona ni nzuri, hasa ya kutopitana, ambayo mimi nimeifundisha maisha yangu yote bila kujua kwamba ipo kwenye karatasi. Yule kijana wenu wa kipenga aliyenirudisha nyuma ya kamba hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Kanuni yenu ya mwisho inasema mwenye maoni ayatoe kwa maandishi. Maoni yangu ni haya. Mmeandika kwamba vijijini magari ya ziara yapite kwa kilomita hamsini kwa saa. Kwa Samuye hiyo bado ni mbio. Gari namba 57 lilipotokea darajani nilianza kuhesabu moyoni, na lilipopotea kwenye mashine ya kusaga nilikuwa nimefika kumi na tisa. Aliyekuwa anaendesha ni mwanangu, ambaye sikuwa nimemtazama vizuri kwa miaka kumi na minne, na moja kati ya hizo kumi na tisa niliipoteza nikitafuta jembe langu hewani.

Kwa hiyo mwakani naomba wapite kwa ishirini. Mwalimu Mbuke amepiga hesabu na kuirudia. Kwa ishirini nitapata arobaini na saba.

Arobaini na saba zitanitosha.

Wenu katika kutii kanuni,

Bujiku Lugwisha
(alama ya dole gumba)